Sufuria Yenye Waya Mwekundu

Tulipogawana vyombo vya mama, baada ya kuanua matanga, hatukugombana. Nalitaja hilo kwa sababu nimeona familia zinazogombana, na sisi siku ile kila mtu alichukua alichoona kinamfaa, akashukuru. Mke wa mdogo wetu alichukua masufuria makubwa. Shangazi alichukua kinu. Mdogo wangu Naomi alichukua kanga mbili, akazinusa, akazikunja akatia kwenye mkoba. Mwisho ikabaki sufuria moja ndogo, chini nyeusi, mdomo umepinda, na kwenye ukingo wake imetobolewa tundu lililopitishwa waya mwekundu wa kuning'inizia.

"Hiyo hata mbwa ataikataa," shangazi alisema.

Nikaichukua mimi.

Sasa iko jikoni kwangu, kwenye msumari wake. Juzi juzi mjukuu wangu aliishusha akataka kukaangia karanga. Mkono wangu uliipokonya kabla sijafikiri. Mtoto alinitazama kama nimempiga. Nikamwambia, "Si hiyo." Akauliza, "Kwa nini, bibi?" Nikakuta sina jibu fupi. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika andika jioni nikishakama ng'ombe, ingawa shule niliishia darasa la saba, nimeona niliandike jibu refu. Ninapokosea, wa rika langu waliokuwepo wanisahihishe. Mambo mengine niliyaona nikiwa mtoto, na mtoto huona magoti ya watu kuliko nyuso zao.

Kijiji chetu kiko juu, upande wa Mgwashi, kwenye baridi. Kwetu karanga hazilimwi. Zilipanda kutoka bondeni, kutoka Mombo, zikiwa kwenye magunia juu ya lori, na kwa hiyo zilikuwa chakula cha harusi na cha wageni. Ukisikia harufu ya karanga zinakaangwa nyumbani kwa mtu, ulijua kuna shughuli. Mama alizipenda kuliko nyama. Akitoka sokoni alikuwa nazo chache kwenye pindo la kanga, akitafuna moja moja njiani. Ukimwomba alikupa, lakini ulimwona usoni kwamba imemuuma.

Naomi alikuwa hajaanza shule siku alipokula karanga kwenye harusi ya binti wa jirani. Kilikuwa kisamvu, kimetiwa karanga za kutosha kwa sababu bwana harusi alikuwa na uwezo. Hakumaliza hata tonge la pili. Midomo ilivimba, macho yakabanwa, akaanza kukoroma kama mtu aliyelala, naye yuko macho. Mama alimbeba akakimbia naye mpaka barabarani. Lori la majani ya chai likasimama, wakamlaza juu ya majani mabichi, likakata kona likapotea. Mimi niliachwa na bibi, mama yake baba. Baba alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge, akirudi mwisho wa mwezi.

Naomi aliporudi mzima, mimi niliamini ni yale majani ya chai yaliyomponya. Kwa muda mrefu nilikuwa nachuma machache nikipita shambani kwa watu, natia mfukoni, likitokea tena niwe nayo. Hakuna aliyeniuliza yalikuwa ya nini.

Lakini nilimsikia mama akimweleza bibi jikoni.

"Wamemchoma sindano. Daktari anasema ni mzio."

"Mzio ndiyo nini?"

"Mwili wake unapigana na karanga."

Bibi alifikiri. "Karanga ina mikono?"

"Mama, nimeambiwa hata unga wake usimguse. Hata upawa uliotoka kwenye karanga usiingie kwenye chakula chake. Amesema safari nyingine tunaweza kuchelewa."

Bibi hakufanya mzaha tena. "Basi," alisema. "Karanga haziingii nyumba hii."

Zikaacha kuingia. Mama akawa anakula zake huko huko sokoni, anajipangusa, ananawa mtoni, ndipo anapanda. Nyumbani mambo yalikuwa mepesi. Shule ndiko kulikokuwa na kazi.

Wa rika langu mtakumbuka shule zetu: kuni mkononi kila asubuhi, samadi kwenye kindoo siku ya kufyeka bustani, maji kichwani. Mwaka ambao Naomi alianza darasa la kwanza, wazazi walikubaliana watoto wapikiwe uji wa lishe. Kila nyumba ilete mahindi, soya na karanga kidogo, visagwe pamoja, tunywe saa nne. Niwe mkweli, uji ule ulikuwa mtamu. Watoto waliokuwa wameacha shule walirudi kwa ajili yake. Tulikuwa tunalamba vikombe mpaka unaona rangi ya maua yaliyochorwa chini. Kwa hiyo sisemi kwamba walikosea kuupika. Uliwafaa watoto wa shule nzima, isipokuwa mmoja ungeweza kumuua.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa Mwalimu Hadija, mtu wa Tanga mjini, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza mama, akaitisha mkutano wa wazazi. Sisi watoto tulifukuzwa tukaenda kuchungulia madirishani. Alieleza vizuri. Alisema damu ya mtoto huyu inaichukulia karanga kama adui, na kikombe kimoja kikichanganywa tunaweza kumpoteza. Nadhani hakuna daktari ambaye angeeleza zaidi. Tatizo ni kwamba neno lenyewe lilikuwa geni, watu walilitazama kama mgeni aliyekuja bila kutambulishwa.

"Kwa hiyo watoto wetu wote waache karanga kwa ajili ya mmoja?" mzee mmoja aliuliza.

"Sijasema waache, mzee wangu. Nasema huyu apikiwe kando."

Hapo akasimama mpishi, Mama Ruben. "Kando na nini, mwalimu? Sufuria moja, jiko moja, upawa mmoja. Na mimi mwenyewe ni mmoja."

Watu wakacheka. Mwanamke mwingine akasema wa kwake alikuwa hali maharage, akamlaza na njaa mara moja tu, sasa anakula mpaka anataka na sufuria. Mtu wa nyuma akasema mtoto wa mkulima anaanza kuchagua chakula kama mgeni wa hotelini. Kicheko kikazidi. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anachora sakafuni kwa kidole cha mguu.

Ndipo bibi akasimama. Alichukua muda kusimama, na watu walinyamaza kwa heshima ya magoti yake.

"Wanangu," alisema, "mtoto huyu amerithi jina la mama yangu. Mama yangu alikuwa na mwiko. Mwiko wake ulikuwa karanga. Sikutaka kulisema mbele za watu, maana sisi ni watu wa kanisa. Sasa nimesema."

Mama Ruben alikusanya kanga yake kama mtu aliyegundua amekalia kitu. Yule mzee wa kwanza alikohoa, akasema:

"Sasa bibi, si mngesema tangu asubuhi? Tumemchosha mwalimu bure."

Wasiotoka kwetu labda nieleze kidogo. Kila ukoo una chake. Wapo wasiokula kondoo, wapo wasiogusa mbawala, hata kama Jumapili wanaimba kwaya. Na mwenye mwiko anapikiwa kwenye chombo chake. Upawa hauchanganywi. Mikono inanawiwa. Ukimlisha mwenye mwiko kilichokatazwa, nawe unajua, mzigo unakufuata nyumbani kwako, kwenye meno yako na ngozi za watoto wako. Hakuna aliyehitaji kufundishwa hayo. Yote aliyoyaomba daktari, watu wale walikuwa wanajua kuyafanya tangu utotoni, ila kwa jina jingine.

Mwalimu Hadija alimtazama bibi. Sijui alifikiri nini. Alisema, "Basi, tumeelewana," akafunga mkutano.

Kesho yake bibi alipeleka shuleni sufuria yake ndogo aliyokuwa akichemshia dawa ya kifua. Alitoboa ukingo kwa msumari, akafunga waya mwekundu isije ikachanganywa na nyingine. Mama Ruben akaitundika peke yake, mbali na moshi. Asubuhi alianza na uji wa Naomi, wa mahindi matupu, kabla hajafungua debe la unga wa lishe. Na sitasahau, kwa kazi hiyo alikuwa anavaa kanga nyingine. Mwanamke aliyesema yeye ni mmoja tu.

Mimi nilipewa kazi ya kulinda. Nilikuwa darasa la nne. Kengele ya saa nne ikilia, wenzangu wanakimbilia foleni, mimi nakimbilia darasa la kwanza. Nanusa kikombe cha Naomi. Nanusa mikono ya aliyekaa naye. Namtazama anakunywa mpaka mwisho, ndipo naenda kwenye foleni, na mara nyingi nakuta wamefika kwenye ukoko. Njiani nilimkagua mifuko. Siku za harusi nilikaa naye nje, karibu na migomba, tunasikia ngoma. Alikuwa akilia anataka kwenda kwa wenzake, na mimi nilikuwa nataka kwenda kwa wenzangu. Sikumchukia. Lakini kuna uchovu unaoingia kwa mtoto, hata akilala hautoki, na watu wazima hawauoni kwa sababu mtoto bado anarukaruka.

Na niliamini kila alichosema bibi. Niliamini mwiko umekaa kwenye jina, unamsikiliza anavyoitwa. Kwa hiyo tukiwa njiani sisi wawili, ili usimpate, nilimwita Yohana.

"Yohana, shika mkono."

"Mimi si Yohana."

"Nyamaza, Yohana, mwiko utatusikia."

Alinishtaki kwa mama. Mama alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakunieleza. Labda alifikiri mtoto akijua, atasema, na akisema, sufuria itashuka kwenye msumari.

Nisionekane nausifu sana mwiko. Ulikuwa na ubaya wake. Watoto walimwogopa Naomi. Kwenye michezo ya kushikana mikono aliachiwa pengo kila upande. Wengine walimwita Bibi Kizee, kwa vile alibeba jambo la mtu aliyekufa kabla baba yake hajazaliwa. "Shikamoo, Bibi Kizee," walimwambia, na yeye siku za mwanzo aliitikia marahaba, akidhani ni heshima. Baadaye alielewa, akaacha kuitikia.

Tuliishi hivyo, mpaka bibi akafa.

Alikufa vizuri, kama watu wanavyosema, kwa uzee, kitandani kwake. Baada ya mazishi watu walikaa, na siku ya kuanua matanga akaongea baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa fundi seremala Lushoto mjini. Naomba mnielewe kuhusu baba mkubwa. Alikuwa mtu mwema. Viatu vyangu vya kwanza alininunulia yeye. Alisimama uani, watu wamekaa kwenye mabenchi aliyoyatengeneza kwa mikono yake, akasema:

"Mama tumemzika. Vyake tumevigawa. Kimebaki kimoja. Yupo mtoto hapa amebeba mzigo usio wa umri wake. Mama alimpa jina, na mwiko ukaja na jina. Mkubwa wa nyumba hii sasa ni mimi. Sitaki mtoto wa mdogo wangu aishi na sufuria yake peke yake, anakimbiwa na wenzake kama mwenye ukoma."

"Kweli," watu walisema.

"Leo tunaufungua. Ataonja kidogo, mbele yenu, awe kama watoto wengine."

Kulikuwa na kisahani kwenye kigoda, kimefunikwa. Alikifunua. Karanga zimekaangwa, zimepondwa na chumvi. Ilikuwa mara ya kwanza harufu ile kuingia uani kwetu tangu ile harusi.

Nitawaambia nilivyojisikia. Nilifurahi. Niliwaza, sasa nitakwenda kwenye foleni na wenzangu. Baba mkubwa aliniita, "Mlete mdogo wako," nikamshika mkono nikampeleka. Na Naomi naye alikuwa anacheka. Alikuwa amesukwa nywele mpya. Aliposimama mbele ya baba mkubwa alifungua mdomo mwenyewe, kabla hajaambiwa, kama kifaranga.

Baba alikuwa amekaa kushoto kwa kaka yake. Alijua, mama alikuwa amemweleza yote tangu hospitali. Nilimwona ameinuka kidogo, akarudi kukaa. Zamani nilikuwa nikimlaumu. Siku hizi nafikiri juu ya mdogo mtu, kwenye matanga ya mama yake, anayetakiwa asimame mbele ya ukoo aseme marehemu alidanganya, na simlaumu sana.

Mama alitoka jikoni na mikono inayochuruzika maji, alikuwa anaosha vyombo. Alipita katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipiga goti mbele ya baba mkubwa.

"Shemeji, naomba kusema."

"Sema, mama Naomi."

"Huo mwiko hauko kwa mtoto. Mama ameuacha kwangu."

Baba mkubwa alishusha vidole vyake, karanga zikiwa bado hapo kati ya gumba na shahada.

"Kwako? Wewe si wa ukoo huu. Wewe tumekuoa."

"Mmenioa. Na mtoto nimemzaa mimi, amenyonya kwangu. Mama aliniita kabla hajazidiwa. Alisema, mtoto ni mdogo, mzigo ubebe wewe, naye akae chini yako, msile wote wawili. Nikakubali."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yake mwenyewe."

Hapo akaingilia dada yake bibi, kikongwe mkali aliyekuwa akivuta ugoro pembeni. "Huyu tangu tumwoe anatafuna karanga kama panya. Nani hajui? Leo ana mwiko wa karanga?"

"Nimeziacha, bibi."

"Umeziacha lini?"

"Leo."

Watu walicheka, hata baba mkubwa alicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotuokoa. Kikongwe alimtazama mama, akapangusa pua. "Mwacheni," alisema. "Anayejitwika mzigo wa mtu msimnyang'anye. Tutaona kama ataubeba."

Baba mkubwa alirudisha karanga kwenye kisahani, akakifunika, akanawa mikono kwa maji aliyoletewa. Kwa moyo mzuri, kama alivyoanza. Naomi alilia sana. Mama alimbeba mgongoni, mkubwa vile, akarudi naye kwenye vyombo. Mimi nilibaki nimesimama, nikijua kwamba kesho saa nne kazi yangu inaendelea.

Sufuria ilibaki kwenye msumari wake mpaka Naomi alipomaliza darasa la saba. Mama Ruben hakubadilisha kitu, alibadilisha salamu tu. Tangu siku ile alimwamkia mama kwa kuinama kidogo, kama mtu mwenye jambo la ukoo. Kikongwe naye alimchunga mama kwa macho. Kwenye harusi wanawake walimpitishia bakuli chini ya pua wamwone. Hakugusa. Sokoni alipita wauza karanga akitazama mbele. Mimi nilimkagua meno, maana niliamini mwiko umehamia kwake, na nikasikitika kidogo kwamba bibi hakuniachia mimi ambaye tayari nilikuwa na uzoefu.

Nilijua ukweli baadaye, Naomi alipoenda sekondari akafundishwa mambo ya mwili, akarudi akanieleza kwa michoro kwenye vumbi. Tulicheka, hasa habari ya Yohana. Nilimwuliza mama kama bibi alimwita kweli kabla hajazidiwa. Alisema, "Bibi yako siku za mwisho alikuwa hasemi." Akaendelea kupepeta.

Naomi akaolewa, akahamia Korogwe, anashona nguo za shule. Dawa yake iko kwenye mkoba, mume wake anajua kuchoma ile sindano, wanawe wanajua. Siku hizi hata huku juu mwalimu akisema mzio watu wanaitikia, wengine wanataja na wa kwao. Kikongwe alikufa. Baba mkubwa alikufa, baba pia. Hapakuwa tena na mtu wa kumchunga mama. Na bado hakula karanga.

Nilikuwa nalitafsiri kwa njia zangu. Mara nilisema ni kiburi, kwamba alisema mbele za watu na sasa ameshindwa kujirudi. Mara nilisema uongo ukikaa nao sana unakuwa wako, labda naye ameshauamini. Mara moja nilimletea karanga za kuchemsha kwenye gazeti, tuko wawili tu ndani, mvua inanyesha. Alisema, "Sitaki," nikazila mwenyewe, na alikuwa akitazama mkono wangu unavyokwenda mdomoni. Nilikasirika. Nilimwona kama mtu aliyejifunga kamba kwenye mti uliokwisha kukatwa.

Mwaka huu alipougua, chakula kilimkataa chote. Uji, supu, ndizi za kuponda, anaonja anageuza uso. Mimi ndiye niliyekuwa namlea, na kwa kweli nilikuwa nimechoka, nikimwinua, nikimgeuza, nikifua mashuka kwenye baridi. Asubuhi moja alisema kwa Kishambaa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba anatamani kisamvu cha karanga.

Nilimwuliza mara mbili. Alisema ndiyo.

Nilikwenda sokoni nikanunua karanga. Nikazikaangia nje, nikazitwanga, nikachuma kisamvu kichanga, nikapika kwa moto mdogo mpaka mafuta yakaelea juu. Nilipika vizuri. Siku zile sikuwa napika kitu vizuri. Nikampelekea kwenye bakuli, nikamwinua kwa mito. Alifumba macho akanusa. Alinusa kwa muda, na uso wake ukawa ule wa njiani kutoka sokoni. Nilichota kijiko.

"Naomi anakuja lini?" aliuliza.

"Jumamosi, mama."

Alifumbua macho, akalitazama bakuli. "Ondoa."

"Mama, kula. Mwiko ule umekwisha. Wote waliokuwepo wamekufa."

"Mwiko gani?" Alinitazama kama mtu anayesikia habari ya nyumba nyingine. Alitoa mikono yake chini ya blanketi, akaigeuza mbele yangu, ngozi na mishipa tu. "Nikila hiki, utaniosha wewe, sawa. Lakini mimi sina nguvu ya kujua kama nimetakata. Na akija nitamshika uso."

Nilikaa pale na kijiko. Niliifikiria miaka ile yote ya likizo na Krismasi, Naomi akishuka kwenye basi bila taarifa, na mama akitoka mbio na mikono imetangulia, hana haja ya kwenda kunawa kwanza.

Nilikiondoa kile kisamvu. Sikukimwaga, chakula hakimwagwi. Nilikila mwenyewe nyuma ya banda la ng'ombe, nimesimama, kilikuwa kitamu mno. Kisha nikanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikajinusa mikono, nikanawa tena.

Jumamosi Naomi alifika na basi la mchana. Mama hakuweza kuinuka, kwa hiyo Naomi aliinama, mama akamshika uso kwa mikono yote miwili, akampapasa paji, mashavu na midomo, polepole, kama anayetafuta mahali penye uvimbe asipaone.